Tarehe ya Ijumaa

Loretta, muuza bunduki, aliichukia sheria ya Colorado inayomtaka mnunuzi angoje siku tatu. Jumatatu alikuja Wendell, jirani yake aliyefiwa na mke, akitaka bastola. Jina lake lilikaguliwa kwenye rekodi za uhalifu, likaonekana safi.

"Rudi Alhamisi," Loretta alisema, kisha akasonya. "Ah! Mtu nimesoma naye, hao waheshimiwa wa bungeni Denver wataniambia nini?"

Akajaza kwenye fomu tarehe ya Ijumaa iliyopita, kana kwamba siku tatu zimekwisha, akamkabidhi bastola.

"Ahsante, dada. Hujawahi kuniangusha."

Alhamisi Loretta alifunga duka, akaenda kumzika Wendell, aliyejipiga risasi usiku ule ule wa Jumatatu. Makaburini, binti wa marehemu alimkumbatia akilia.

"Jumatano nilikuwa nakuja kumchukua akaishi nami, shangazi. Siku mbili tu! Kwa nini hakungoja?"