Kirangozi Kwenye Keria

Siku ya pili ya mashindano, saa kumi na mbili asubuhi, Sikuzani alikuwa anafunga madumu mawili ya maji kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Wenzake walikuwa na baiskeli nyepesi kama fito na magari ya kuwafuata yenye barafu. Yeye alikuwa na ile baiskeli yake ya chuma, ile ile ambayo kila wiki huitoa kwao Ipole na ndoo za asali mpaka Kanyenye, Tabora mjini. Kati ya waendeshaji ishirini alikuwa wa kumi na tisa, na wa ishirini alikuwa anaharisha.

Mashindano yenyewe ni Itigi mpaka Tabora, siku tatu, mwezi wa kumi, kwa njia ya zamani ya misafara. Unakatiza ile nyika ambayo wazee waliiita Mgunda Mkali, na hawakukosea. Maji hakuna, kivuli hakuna, mchanga unameza rimu. Zawadi ni kisima cha kuchimbwa kwa mashine nyumbani kwa mshindi. Kitongojini kwa kina Sikuzani kina mama wanafukua mchanga wa mto tangu alfajiri, wanarudi na ndoo moja ya maji rangi ya chai. Walimchangia tairi mbili mpya, wakamwambia asije akawaletea kikombe.

Saa nne hivi akawakuta wenzake wote kumi na wanane waliomtangulia wamesimama, mguu mmoja chini. Mbele yao kulikuwa na msafara wa wapagazi, kama mia mbili, pekupeku, mabegani marobota ya kitambaa cha merikani na koili za waya wa shaba. Walikuwa wamekufa siku nyingi. Ungejua kwa vumbi, maana walikuwa wanakanyaga na halitimki. Mbele kabisa alitembea kirangozi wao, kiongozi wa njia, shuka nyekundu, manyoya ya mbuni kichwani, ngoma ubavuni.

Benjamini, bingwa wa miaka miwili kutoka Arusha, alikuwa ameshampita kirangozi mara tatu. Kila akimpita, anajikuta yuko nyuma ya mpagazi wa mwisho, na mita yake kwenye usukani imehesabu kilomita zote vizuri tu. Dereva wake akamshauri ajaribu kushoto. Akajaribu kushoto. Ikawa vile vile.

Sikuzani alikuwa anaijua hiyo. Bibi yake, bibi Kashindye, alikuwa anawakemea watoto wakikimbilia mbele njiani: kirangozi hapitwi, we mtoto, kirangozi hapitwi. Basi akashuka, akakokota baiskeli kandokando ya mstari, na njiani akampa kila mpagazi pole ya mzigo. Pole mia mbili. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipofika mbele akasimama hatua moja nyuma ya bega la kirangozi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Afadhali wewe. Hao wenzako wanatupigia vikengele kama tumekuwa mbuzi." Akaiangalia baiskeli kuanzia mbele mpaka nyuma. "Mnyama gani huyu?"

"Baiskeli, babu."

"Anakula nini?"

"Yeye hali. Nakula mimi."

Kirangozi akacheka mpaka manyoya yakakaa upande. Akasema huyo mnyama ana akili kumshinda yeye.

Sikuzani hakuwa amepiga hesabu yoyote. Ni kwamba mzee haachwi atembee na keria ipo. Akahamishia madumu kwenye usukani, akamkaribisha, kirangozi akapanda na ngoma yake. Wamekwenda kama kilomita tano ndipo akageuka pembeni, akamwona Benjamini anakanyaga kwa nguvu zote, anapita, halafu hayupo. Hapo ndipo akaelewa amembeba nani.

Wapagazi hawakuachwa. Mtu akishakufa hachoki. Walikimbia nyuma ya baiskeli wakiimba, kirangozi anapiga ngoma na kuanzisha, wao wanapokea, na waendeshaji wengine wakajibana katikati yao. Mpaka jioni Benjamini naye alikuwa anaitikia kwa Kinyamwezi kibovu, na wapagazi walikuwa wanamrekebisha. Vijijini watu walitoka na simu zao. Video zilitoka safi, mtandao ndio ulikuwa unasumbua.

Walipopumzika Tura, waendeshaji walijitupa chini. Wapagazi walibaki wima na mizigo yao. Sikuzani akauliza kwa nini hawaitui.

"Mzigo hautuliwi mpaka mwenye mali aseme," kirangozi akamjibu. "Ukitua mwenyewe umeiba. Tulipotoka pwani tuliambiwa ametangulia, yuko Tabora."

Siku ya tatu wakaingia Tabora kwa ngoma na vigelegele, Sikuzani mbele, kirangozi kwenye keria anapunga mkono kama kazaliwa humo. Benjamini akaingia wa pili, akaweka pingamizi kwamba mwenzake kabeba abiria. Mama Advera, msimamizi, akavaa miwani, akasoma kanuni mstari kwa mstari. Mwendeshaji haruhusiwi kubebwa. Kubeba hakukuandikwa. Akamvisha Sikuzani taji la maua, na Benjamini akapiga makofi kuliko wote.

Kisha kirangozi akauliza mwenye mali yuko wapi.

Mama Advera akatangaza kwa kipaza sauti, mara tatu: mwenye mali ya msafara huu ajitokeze. Watu wakaangaliana. Mgeni rasmi akanong'onezana kidogo na mtu wake wa itifaki, halafu akasema kwa heshima kabisa kwamba mwenye mali atakuwa ametangulia, labda Ujiji.

"Babu, tueni tu," Sikuzani akasema. "Mimi nawaambia, tueni."

"Wewe siyo mwenye mali, mjukuu wangu."

Akamshukuru mgeni rasmi, akashika nafasi yake mbele, wakaondoka. Bodaboda zote zikakaa nyuma yao mpaka walipotoka mjini.

Kisima kilichimbwa mwezi wa kumi na mbili. Mita themanini na mbili, maji meupe, baridi, na kina mama walicheza mpaka fundi wa mashine akavuliwa kofia. Wiki ya pili, mchana, msafara ukapita Ipole. Huko Ujiji wapagazi walikuwa wameambiwa mwenye mali yuko mbele, karudi pwani. Mikono yao yote ilikuwa juu, imeshika mizigo, kwa hiyo kina mama wakapanga mstari na kata zao za maji, wakawanywesha mmoja mmoja, wengine wakawafuta na kidevu. Wapagazi mia mbili, hakuna aliyerukwa. Kirangozi akanywa wa mwisho, akayasifia maji, akauliza kama mwenye mali kapita hapo.

Wakamwambia hawajamwona.