Gap-seok Hakuimbiwa

Parokia yetu ilianzia kwenye hema la jeshi, juu ya kilima hiki cha Seoul. Mwaka huu inatimiza miaka sitini. Mwakani inabomolewa ipishe maghorofa. Padri anataka kitabu cha historia, na orodha ya marehemu kaniachia mimi, Lusia, kwa kuwa nimeongoza nyimbo za wafu miaka arobaini. Mtu wetu akifa tulimwimbia siku tatu, pande mbili zikipokezana, tukishushia supu ya nyama yenye pilipili. Awe tajiri, awe mlevi, hakuachwa mtu.

Hapo nadanganya. Tulimwacha mmoja.

Gap-seok, mume wa Agata, alijiua asubuhi watu wa serikali walipokuja kuvunja vibanda vyetu. Waimbaji walishajitanda mitandio meupe. Nikawazuia mlangoni kwa Agata, nikasema aliyejiua haimbiwi. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma katekisimu akaishia njiani. Mwezi uliofuata padri wa enzi hizo akaniambia katazo hilo lilishaondolewa. Nilikufa kwa aibu, nikanyamaza.

Sasa nikaliandika jina lake kwenye orodha, kati ya muuza tofu na mpiga kinanda, kana kwamba naye aliimbiwa. Nikampelekea Agata, nikidhani namfurahisha.

Aliisoma taratibu.

"Dada Lusia, huyu kaimbiwa na nani?"

"Si ni sisi wenyewe, jamani."

"Acha masihara. Ulisimama mlangoni kwangu, hata viatu hukuvua."

Ikanibidi niseme. "Agata, lile katazo halikuwepo tena. Nilikosea."

"Umejua lini?"

"Mwezi uleule uliofuata."

Akaiweka orodha chini. "Miaka thelathini na minane nalala nikijua mume wangu yuko motoni. Na wewe kila Jumapili unaniinamia, 'Amani iwe nawe.' Huna haya?"

Nilipiga magoti. Hakunitazama. Alichukua kalamu yangu akalikata jina la mumewe, mistari miwili.

"Usimchanganye na watu wenu. Nilimwimbia mwenyewe siku tatu, ninyi mkiwa makwenu. Upande mmoja nikaimba, wa pili nikajiitikia, mpaka sauti ikakata."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nikifa, waambie waimbaji wasije."

Waimbaji wenyewe wameshakufa au wamehama. Nimebaki mimi tu, na Agata analijua hilo.