Vioo Mbele, Mlango Nyuma

Fundi Octave alipotuuzia nyumba mpya pale Uvira, mwaka wa nne wa uhuru, alisema bei yake inabeba nyongeza moja tu: vioo madirishani au mlango wa nyuma. Tuchague.

Mume wangu Libérat, karani, hakufikiri hata kidogo. Vioo alivitamani tangu enzi za Wabelgiji. Mimi sikuwa na raha. Kila jioni niliwaona watu wa Mutarule wakipita na mikeka vichwani, wakisema waasi wanakuja na kwamba wanaanza na makarani.

"Baba Georgette," nikamwambia, "vitre ya dirisha inaonyesha muntu mwenye iko ndani. Mulango inamutoa."

"Mulango ya nyuma ni ya mwizi na ya hawara. Weye uko na nani?"

Nilikasirika. Vioo vikawekwa. Siku ya tatu, Libérat akiwa kazini, nilimpelekea Octave vitenge vyangu viwili vipya, na kufikia saa tisa chumba cha nyuma kilikuwa na mlango. Libérat aliporudi akausogezea kabati, akaapa hatapita hapo akiwa hai, kisha akala amenipa mgongo.

Tangu hapo sikutulia. Nilifagia mahali nilipokwisha kufagia. Nilipima kwa macho: kabati, mlango, migomba, njia ya kupanda mlimani Bijombo kwa kaka zake Libérat, alikokuwa tayari binti yetu Georgette. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nilijiambia, lakini moyo haukunisikiliza.

Mwezi wa tano, saa nane mchana, Libérat akiwa amekuja kula, jirani yetu Consolate akapita mbio akisema waasi wameingia njia yetu. Nikasukuma kabati pembeni. Libérat alisimama pale kama mtu aliyetukanwa.

"Niliapa," akasema.

"Aibu inaishaka. Kufa haiishake. Toka."

Akatoka ameinama, ingawa mlango ulimzidi kimo. Hakuniaga, na hilo liliniuma hata katika hofu ile. Nikarudisha kabati.

Waliingia watu saba, majani kichwani. Wa saba alikuwa Octave. Mkubwa wao akapita chumba kwa chumba akimtafuta Libérat, akarudi.

"Iko mulango ingine?"

Octave hakunitazama. "Nyumba hii nilijenga miye. Iko mulango moja."

"Basi atarudi kwa hii hii. Mumungojee."

Wakabaki wawili, Octave na kijana mwenye bunduki. Nikapika ugali, maana mke anayemngoja mume hupika. Kijana alikula huku akizungusha macho ukutani, mpaka chumba cha nyuma.

"Bwana yako anarudiaka saa ngapi?" Octave akaniuliza kwa sauti.

"Saa kumi na moja," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyanyua kiti chake, akaenda kukiweka chumba cha nyuma, akakaa ameegemea kabati.