Namba ya Kisanduku

Simu ya mumewe ilimkuta mfamasia akimweleza mama mmoja namna ya kumtilia mtoto dawa ya sikio. Akaiacha ilie. Ilipolia tena alijua kuna jambo, kwani mumewe, fundi lifti, hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi. Akamalizana na mteja, akaingia stoo na kuurudisha mlango nyuma yake.

"Nipe namba," mumewe alisema. "Pamevimba. Joto na jasho, ngozi imechubuka. Nimerudi chumbani."

Mambo haya yalikuwa yao wawili. Mumewe alipenda kufungwa. Chini ya suruali alivaa kifungo cha plastiki ngumu kilichoziba uume wake, na ufunguo wa kufuli yake aliushika mkewe, kwa hiari ya mume na kwa raha ya wote wawili. Walikuwa wameuzungumza mchezo huo kwa kirefu kabla ya kuuanza, kama watu wanaopanga kujenga. Mume alipopangiwa kazi mji wa mbali, mfamasia alikataa kubaki na ufunguo nyumbani: dharura haibishi hodi. Akanunua kisanduku cha chuma cha kuenea kiganjani, chenye magurudumu matatu ya namba. Ufunguo ungesafiri na mume, namba ingebaki kichwani mwa mke. Akiomba apewe, bila swali.

Sasa ameomba, na kichwa cha mke kilikuwa kitupu kama chungu kilichooshwa.

Asubuhi ya safari, mumewe akifunga begi, mfamasia alikuwa ameibadilisha ile namba kwa madaha, ili tu auone uso wa mume anapomtazama. Uso aliukumbuka vizuri. Namba haikukaa.

"Upo?"

"Nipo. Jaribu tano, mbili, nane."

"Haifungui."

"Nane, mbili, tano."

"Haifungui, mpenzi."

Jasho lilimtoka. Yeye aliyejua vipimo vya dawa bila kufungua kitabu, amemfunga mtu mwili wake, kisha amepoteza njia ya kumfungulia! "Nimeisahau," alisema. "Nisamehe. Tafuta nyundo, kivunje. Au nenda kliniki wakikate hicho kifungo. Usione haya kwa ajili yangu."

"Nyundo ya nini? Subiri."

Akasikia simu ikiwekwa mezani, kisha mlio mdogo wa magurudumu, tik, tik, bila papara. Mumewe alikuwa akizijaribu namba moja baada ya nyingine, kuanzia sifuri, kwa utulivu wa fundi anayekagua nyaya. Mfamasia akaketi juu ya boksi la pamba. Mwenzake wa kaunta alimwita. Akaitikia kwamba anakuja, lakini hakwenda.

"Ungechagua namba ndogo basi," mumewe alinung'unika, akacheka peke yake.

Mwishowe, ta! Zikafuata pumzi ndefu. "Nimetoka."

"Osha kwa maji baridi, usisugue. Upake ile malhamu niliyokuwekea. Na usivae tena safari hii."

"Sawa, daktari."

Hakucheka. "Kumbe ungeweza kukifungua wakati wowote."

"Yeyote mwenye subira angeweza."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponionyesha. Magurudumu matatu tu, mke wangu! Na mimi kazi yangu ni mitambo."

"Na hukufungua."

"Ningefungua ili iweje?"

Siku zote hizo alikuwa amejiona ndiye aliyeishika kamba. Kumbe ncha ya pili ilikuwa na mkono ulioing'ang'ania kuliko wake, tena kwa kupenda.

"Nataka kukifunga kisanduku," mumewe alisema. "Niweke namba gani?"

Alifungua kinywa aitaje, akaghairi. "Weka yako. Usiniambie."

Magurudumu yakalia tena, tik, tik, kisha kisanduku kikafungwa. Huko kwake feni ilisikika ikizunguka, na mfamasia, pale juu ya boksi, akagundua kwamba simu ameishika kwa mikono miwili.