Bluu ya Katikati

Wenzake kiwandani walimwita Mzee Lawama, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Paa likivuja, ni wakubwa. Umeme ukikatika, ni wakubwa. Mkewe alipofariki alisema ni wakubwa waliomnyima ruhusa ya kwenda kumuuguza, na hapo hata waliozoea kumcheka walikubali, maana ilikuwa kweli.

Siku hiyo aliingia kwenye jengo la ufumaji mbio, kitu ambacho miguu yake ilikuwa imekisahau, blanketi kuukuu kwapani na binti yake nyuma yake akiwa na kompyuta. Mtambo wa pembeni, ule mkongwe aliokuwa akiufanyia kazi marehemu mkewe, ulikuwa umeuzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Msimamizi, mtu ambaye kila ombi hulijibu kwa "subirini", alikuwa ametangaza asubuhi kwamba king'ora cha jioni kikilia tu, lori linaubeba. Mzee alimganda kama kupe mpaka akakubali: blanketi moja la mwisho, kwa nyuzi za masalio, basi.

Na blanketi lenyewe lilikuwa hili la kwapani. Marehemu alilifuma kwa mpangilio wake mwenyewe wa rangi, binti akalelewa ndani yake, na sasa lilikuwa jepesi kama utando wa buibui. Likifuliwa tena, kwaheri. Vibao alivyoandikia mpangilio huo wakubwa walishavichoma moto ili wapate pa kuweka viti vyao vya kuzunguka. Mitambo mingine ilifuma kijivu tu, rangi ya roho zao, kama alivyosema mzee.

Taabu ilikuwa mistari. Ilikuwa mingi na myembamba, imechuja, na macho ya mzee yana ukungu. Alifuata kwa kidole akapotea, akaanza upya, akapotea tena, akawatukana wakubwa kidogo, akamwachia binti.

Binti alilitandaza mezani, akalipiga picha, akaiagiza kompyuta isome rangi nukta kwa nukta, ikishuka moja kwa moja kutoka pindo hadi pindo. Mzee akamkumbusha kwamba nyekundu ni nyekundu hata ikipauka, naye akaiambia mashine hivyo. Kioo kikafurika: nyekundu, nyekundu, nyekundu, nyekundu, nyeupe, nyeupe, nyeupe, bluu, na kuendelea, kama kasuku aliyerukwa na akili.

Akaiamuru ifute marudio yote. Zikabaki rangi nne.

Mzee alitazama zile nne, akamtazama bintiye. Rangi hizo, alimwambia, anazijua hata gizani. Anachotaka ni ipi inafuata ipi. Binti alicheka kwa aibu, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Nyekundu ya pindo na nyekundu ya kule mbele ni mistari miwili, naye kazifuta kama ni moja.

Kisha akakaa wima ghafla. Alieleza huku vidole vikikimbia kwamba lugha ya kompyuta anayoandikia huja na maktaba yake, kazi zilizokwisha kutengenezwa na watu, wewe unaziita tu kwa jina. Mojawapo hupita kwenye mfululizo na kuunakili mahali papya, ila kitu kikifanana na kile kilichokitangulia papo hapo, inakiruka. Kikirudi baadaye, baada ya kingine, inakipokea kama mgeni. Na mfululizo wa kwanza hauguswi.

"Kama mimi kwenye mikutano ya wakubwa," mzee alisema. "Wanarudia neno lilelile mchana kutwa, mimi naondoka na moja."

"Ndiyo hiyo hiyo, baba."

Akabonyeza. Ule mto wa rangi ukanywea ukawa kijito: nyekundu, nyeupe, bluu, nyekundu, nyeusi, bluu, na kuendelea. Mzee aliweka kidole kwenye blanketi, binti akasoma ile ya mwanzo, na kila mstari uliitikia. Moyo ulimdunda kama wa kijana anayepeleka posa. Akakimbilia mtamboni.

Mtambo ule hupima wenyewe upana wa mstari. Ukichagua rangi na kuvuta mkono wa chuma, unafuma mstari mmoja, unasimama, unangoja uambiwe tena. Binti aliita rangi kwa sauti, mzee akavuta, chuma kikanguruma, vumbi la sufu likapaa, na kitambaa kikaanza kutoka kikiwa kipya, kinang'aa, kama kilivyokuwa enzi zile. Wafumaji wa mitambo ya kijivu waliacha kazi zao wakaja kutazama. Mmoja akamwambia, "Taratibu, babu, lori halina mbio hivyo." Mzee hakusikia. Alikuwa akicheka peke yake.

Walipofika katikati binti akaita bluu, mzee akavuta. Kisha akaita nyeupe, na mkono wa mzee ukagoma.

Alikuwa ameliweka lile la zamani mapajani, kiganja juu yake. Bluu ya pale ilikuwa pana kuliko mistari mingine. Akaipapasa tena, na uso ukamlegea.

"Hapa ni mbili," alisema polepole. "Mama yako aliziweka bluu mbili makusudi. Ndipo katikati ya kitanda. Alikuwa akisema, huku kwangu, kule kwako, na ukivuka utajua mwenyewe."

"Zimegusana, baba. Ndiyo maana imezinakili kama moja."

"Haina kosa. Haikuwahi kulala pale."

Akavuta bluu ya pili. Binti alifuta macho kwa mkono wa shati, akaita nyeupe.

King'ora kililia mistari michache kabla ya pindo. Wabebaji waliingia na minyororo, wakaelekea moja kwa moja mtamboni. Msimamizi aliutazama ule mzigo wa rangi uliokuwa ukiteremka, akamtazama mzee aliyekuwa akivuta bila kugeuka, akawanyooshea wabebaji kiganja.

"Subirini," alisema.

Walisubiri mpaka nyekundu ya mwisho ikatoka na mkasi ukapita. Mzee Lawama alilikunja blanketi palepale kwenye bluu mbili, akampa binti lile jipya, akabaki na la zamani. Alitafuta la kumlaumu mtu, akalikosa. Alilipata nje, karibu na geti, lakini alikuwa amechelewa kukasirika.