Rafu ya Ufugaji wa Kuku

Saa nane mchana maktaba yetu husinzia. Jua hushuka kutoka vioo vya juu, vumbi huelea ndani yake polepole, na hata saa ya ukutani hutembea kama imeshiba. Ni mchana wa namna hiyo nilipomwendea Mkuu wa maktaba, baada ya miaka ishirini na miwili ya kupanga vitabu, nikamwomba chumba cha magazeti ya zamani. Nilikitaka kwa ajili ya vijana, wale ambao kwenye kona ya watoto wameshakuwa wakubwa, na kwenye ukumbi wa watu wazima wanafukuzwa kwa macho.

"Miezi mitatu," Mkuu alisema. "Kikikaa kitupu, naweka viti vibovu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami magoti yangu tayari yana kesi zao. Nikakubali. Nilitoa magazeti, nikaosha madirisha, nikatandika mazulia, nikaapa kutomnyamazisha mtu. Wiki ya kwanza walikuja saba. Ya tatu, kumi na tisa. Walisoma wamelala chali, miguu wameiegemeza ukutani, na wengine walipitiwa na usingizi kitabu kikiwa usoni, pumzi zao zikiinua kurasa na kuzishusha. Nilikuwa nikisimama mlangoni kuwatazama mpaka nasahau nilichofuata. Niliwapenda. Sina haja ya kuzunguka mbuyu.

Jioni walipoondoka nilifanya kazi yangu. Mimi nina ugonjwa wa mpangilio, wenzangu wananicheka. Vijana hawa waliacha vitabu popote katika jengo: hadithi ya mapenzi katikati ya kamusi, hadithi ya majini nyuma ya vitabu vya sheria. Nilivisaka kimoja kimoja, nikachomoa vipande vya karatasi walivyovisahau ndani, nikarudisha vitabu kwenye namba zake. Nilifunga mlango nikiwa na raha ya mtu aliyemaliza kusuka nywele.

Kisha wakaanza kupungua. Kumi na wawili. Wanane. Watatu. Nilileta matakia kutoka nyumbani kwangu, nikaongeza saa za kufungua, wapi. Mwezi wa tatu ulipoingia, chumba kilikuwa kimejaa mwanga tu, na Mkuu akawa anapita akipima mlango kwa macho kama viti vitaingia. Roho iliniuma, tena sana.

Alibaki mmoja, msichana mrefu niliyempachika jina la Kimya. Naye hakuingia chumbani. Alisimama ukumbini mbele ya rafu ya ufugaji wa kuku, ambayo kwa miaka haikuguswa na yeyote ila mimi na kitambaa changu cha vumbi. Alipitisha mkono nyuma ya vitabu, akasimama kidogo kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha, akaondoka. Siku ya nne nikamfuata.

"Unataka kufuga, mwanangu?"

"Hapana, Shangazi. Natafuta kitabu changu."

"Chako?"

"Chenu. Nilikiacha hapa, nimefika ukurasa wa tisini na mbili. Kila nikija hakipo."

"Si ungekiazima tu ukaenda nacho?"

"Nyumbani mdogo wangu anachana kila karatasi. Na nikikiacha mahali pake, mwingine anakichukua kabla yangu. Sote tunaficha. Kila mtu ana rafu yake."

"Mbona hamkuniambia?"

Aliangalia viatu vyake. "Tuliona unaviondoa, na karatasi zetu unazitupa. Tukajua hututaki, ila hupendi kufoka."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimewafukuza mwenyewe, kila jioni, kwa mikono yangu miwili, huku nikiimba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Waambie warudi," nikasema. "Sitagusa kitu."

Kutogusa kulinitesa. Nilipita kwenye rafu nimefunga mikono nyuma. Lakini siku zilivyokwenda, nikiona kitabu cha majini kimetulia kati ya sheria, niliona kama mwenye kitabu katoka mara moja tu kunywa maji. Nikaanza kutembea taratibu nisimwamshe mtu, na hakukuwa na mtu.

Siku ya mwisho ya miezi mitatu Mkuu alikuja kukagua. Chumbani walikuwa kumi na mmoja. Alipita rafu ya kuku, akasimama, akachomoa kitabu cha Kimya.

"Hiki kinafanya nini huku?"

Kidole chake kilikuwa kimeshashika kile kipande cha karatasi. Ni yeye aliyenifundisha kazi hii, na kwa mambo ya rafu sikuwahi kumpinga hata siku moja. Chumbani kurasa ziliacha kugeuka. Nikaweka mkono wangu juu ya wake.

"Kiache, Mkuu. Kuna mtu hajamaliza."

Alinitazama, kisha akatazama nyuso za vijana waliokuwa wakichungulia mlangoni. Akakirudisha taratibu nyuma ya kuku.

"Viti nitavitafutia pengine," akasema, akaenda zake.

Siku tatu baadaye, saa ya kufunga, Kimya alikuja mezani kwangu ameshika kitabu kwa mikono miwili. Karatasi alikuwa ameitoa mwenyewe.

"Nimemaliza, Shangazi. Sasa unaweza kukirudisha."

Nikakipokea, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, nikashindwa kukumbuka kitabu kinakaa wapi.