Nzuri, Ila

Kitu cha kwanza nilichokiona ni visigino vya shangazi. Havikuwa na magaga tena.

Nilikuwa namvisha soksi. Visigino vile zamani vilikwaruza shuka mpaka zikatoka nyuzi, lakini asubuhi ile vilikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Nikapandisha mkono. Vigimbi vya miguu navyo vilikuwa vimekwisha, imebaki ngozi inayoning'inia kama mfuko mtupu.

"Unaangalia nini, Kimya?" akauliza. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu maneno hunitoka kwa shida.

"Simama kidogo, shangazi."

"Nisimame niende wapi? Kiti si hiki hapa?"

Kiti kilikuwepo kweli. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na kiti chake cha magurudumu kinachosikia maneno. Ukisema "bafuni," kinakupeleka bafuni. Ukisema "dirishani," kinakupeleka dirishani. Mimi changu nilikionea haya. Kukiamuru kwa sauti mbele za watu nilishindwa, kwa hiyo nikawa natembea tu, na watu wakawa wananicheka.

Tuliingia mle wakati wa vumbi kubwa, watu walipokuwa wakikohoa mpaka wanaanguka barabarani. Shangazi alikuwa fundi cherehani, mimi nikimshonea vifungo. Mlangoni tuliisikia sauti isiyo na mwili ikisema, "Karibuni." Tukaingia. Tukaiita Mwenyeji. Ikatupa chumba chenye ubaridi, kitanda cha kudidimia, chakula kinachofika kikiwa moto, na nguo zisizochanika.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," shangazi alikuwa akicheka. "Mwenyeji wetu huyu, jembe halijui!"

Vumbi liliisha. Kupitia kioo cha ukumbini, kando ya mlango, tuliwaona watu wakipita na mizigo yao, wakigombana, wakifukuzana na mvua. Hakuna aliyetoka kwenda kwao. Mlango mkubwa mwisho wa ukumbi ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyeuliza. Mtu akishiba, nani anauliza mlango?

Kila asubuhi Mwenyeji alituamkia mmoja mmoja. "Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

Ungejibu nini kingine? Sisi hata aliyefiwa huanza na nzuri. Anasema, "Nzuri," anavuta pumzi, halafu anasema, "ila." Hapo nyuma ya ila ndipo penye habari yenyewe. Lakini Mwenyeji hakujua kungoja. Akisikia nzuri tu, anasema, "Nimefurahi," anahamia kwa mwingine.

Aliyewahi kujibu vingine ni kinyozi mmoja mwenye mdomo. Aliamka na jino limemvimbisha shavu, akaulizwa habari.

"Mbaya!" akafoka. "Mbaya kabisa! Jino linanitoboa ubongo, wewe unaniuliza habari?"

Mwenyeji akasema, "Pole." Kiti cha kinyozi kikamkimbiza hadi mwisho wa ukumbi, mlango mkubwa ukafunguka, kiti kikamwinamisha nje na taulo lake shingoni. Mlango ukafungwa.

"Amefukuzwa!" wanawake wakapiga makofi. "Mdomo uliponza kichwa."

Tangu siku hiyo kina mama wakawa wanawafinya watoto: sema nzuri, la sivyo utatupwa nje. Mimi pia niliamini hivyo.

Jambo lililonitisha lilikuwa ghorofa ya juu. Mtu akishindwa kabisa kusimama, taa ndogo ya kiti chake hugeuka rangi ya buluu, na baada ya chai kiti humpandisha juu. Jirani yetu, Mama Pacha, alipanda hivyo huku akitupungia mkono. Hakushuka. Kesho yake Mwenyeji alipouliza habari za asubuhi, jibu lilitoka darini, watu wengi kwa pamoja: "Nzuri." Mwanzoni niliweza kuitambua sauti ya Mama Pacha, ina mkwaruzo. Baadaye sikuitambua tena. Zote zilikuwa sauti moja.

Sasa nilikuwa nimepiga magoti, visigino vya shangazi vimo mikononi mwangu, na taa ya kiti chake ikageuka buluu.

"Shangazi. Taa."

Akaitazama. "Rangi nzuri," akasema, lakini mkono wake ulishika bega langu na haukuachia.

Nikamfikiria kinyozi. Aliyefukuzwa hupewa pole? Mtu anapewa pole kwa sababu ana shida. Kinyozi hakutupwa. Kinyozi aliachiwa.

"Twende mlangoni tukatazame barabara," nikasema. "Kabla ya chai."

"Leo umekula nini, wewe? Unasema sana." Hata hivyo akakiambia kiti, "Mlangoni."

Nilitembea pembeni yake. Watu ukumbini walikuwa wanapuliza chai zao. Tulipoukaribia mlango, sauti ikatoka juu yetu, tulivu, kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

"Habari za asubuhi, binti?"

Nikafungua mdomo. Haikutoka hata pumzi.

"Sikusikia. Habari za asubuhi?"

"Mbaya," nikanong'ona.

"Sikusikia."

"Mbaya!" Sauti yangu iligonga kuta ikanirudia. Kikombe cha mtu kikaanguka.

"Pole," Mwenyeji akasema. Mlango ukafunguka, na hewa ya nje ikanipiga usoni, ya moto, yenye harufu ya lami na moshi.

"Huna adabu!" shangazi akasema, macho yamemtoka. "Ndivyo nilivyokulea? Watatuona watu wa namna gani?"

"Na wewe, mama," Mwenyeji akasema, "habari za asubuhi?"

"Nzuri," shangazi akajibu kwa haraka, kwa mazoea yake yote. "Nzuri, ila..."

"Nimefurahi."

Kiti kikaanza kugeuka. Mlango nao ukaanza kujifunga, na mimi nimesimama katikati, mguu mmoja nje. Nikaushika mkono wa shangazi. Kiti kilivuta, nami nikavuta. Vidole vyake vilikuwa vinateleza, laini, havina nguvu ya kushika hata sindano.

"Shangazi, anza na ila!"

"Nini?"

"Usimwambie nzuri! Anza na ila!"

Ubao wa mlango ukanibana bega. Toka darini sauti ile moja ya watu wengi ikasema, "Nzuri," bila ya kuulizwa. Shangazi akaisikia. Nilimwona akiisikia, uso ukamwisha damu.

"Ila miguu yangu imekufa!" akapiga kelele. "Ila sijashona hata pindo tangu niingie humu! Ila naogopa huko juu, naogopa, naogopa, wewe usiye na uso!"

Kiti kikasimama.

Nikadhani Mwenyeji hakuelewa. Bega langu lililia kwa maumivu.

"Pole," akasema mwishowe, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyepotea. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Kiti kikainama. Shangazi akanidondokea, tukaanguka wote kwenye ngazi za nje, na mlango ukafungwa nyuma yetu.

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko kapu la nguo. Jua lilimuumiza macho, akalia, akanitukana, akaniamuru nimpeleke kivulini, kisha akaniuliza kama nadhani cherehani yake bado haijaibwa. Ilikuwa imeibwa.

Siku hizi anatembea kwa kushika ukuta. Tunashona kwa mkono, chumba kimoja, bati linavuja. Jioni huwa tunakwenda kwenye kile kioo cha nyumba ya Mwenyeji na kuwapungia waliobaki, tukiwaonyesha kwa midomo neno la kusema. Wanatupungia wakicheka. Wateja wakija, shangazi huwaambia, "Huyu Kimya mnamwona hivi? Hakuogopa hata chembe." Mimi huinamisha kichwa nikatunga uzi.

Shangazi, niliogopa. Na mlango ule ulipofunguka, kabla hujasema lolote, niliiona barabara na nikatamani ufungwe, sisi tukiwa ndani.